Sosi kodi yako imepewa watu wengine na wewe ni sabkontrakta (mkandarasi mdogo) tu, unafanyaje?

Jamani hili swali naulizwa sana na vijana wanaotengeneza mifumo hapa Arusha na kule Moshi. Kampuni ya Dar imeshinda tenda ya serikali, ikakupa wewe kipande, tuseme moduli ya malipo, ukakesha nayo Njiro huko umeme ukikatika unahamia kwa jirani mwenye jenereta, halafu baada ya miezi kadhaa unasikia sosi kodi yako (yale maandishi ya programu uliyoyaandika, sio ile kodi ya TRA) wamepewa watu wengine waiendeleze, ukiuliza unaambiwa mfumo wote ni mali ya serikali. Sasa unakata rufaa wapi?

Jibu lake linaudhi kidogo. Serikali haikujui. Mkataba ni kati yake na mkandarasi mkuu, na kwa kawaida asiye kwenye mkataba hawezi kudai kupitia mkataba huo. Kwa hiyo usianze kwa kukimbilia PPAA kama wengi wanavyofanya, ile mamlaka ya rufani ni ya mambo ya zabuni, mzabuni anayelalamika katolewa kimakosa au mchakato umepindishwa, sasa wewe hata kwenye NeST, ule mfumo wa mtandaoni wa zabuni za serikali, hukuomba hiyo tenda. Ugomvi wa mkataba unaotekelezwa unafuata kile kifungu cha migogoro ndani ya mkataba wenyewe, na kifungu hicho wanakitumia waliosaini.

Na usidhani ni Bongo tu. Marekani wana sheria yao ya migogoro ya mikataba ya serikali ya mwaka 1978, mkandarasi mkuu akipata uamuzi wa afisa wa mikataba ana siku 90 za kwenda bodi ya rufaa au miezi 12 ya kwenda mahakamani, lakini sabkontrakta hana huo mlango, anambembeleza mkuu alibebe dai lake kwa jina la mkuu. Kwenye mikataba ya jeshi lao kuna afadhali kidogo kwa data za kiufundi (michoro na maelezo ya kitaalamu ya kitu), pale sheria inamtaja hadi sabkontrakta akitetea masharti aliyoweka kwenye data yake, ila programu ya kompyuta wao hawaihesabu kuwa data ya kiufundi, so mwandika programu anabaki anashangaa.

Hiyo ya kubebewa dai ndiyo ya kuiga, tena kabla hujasaini. Mimi niliwahi kusaini karatasi moja tu mezani kwenye mgahawa karibu na Mnara wa Saa, imeandikwa kazi, bei na tarehe basi, kampuni ilipogeuka sikuwa na hata sentensi moja ya kushika. Siku hizi naweka kitu kama hiki:

"Endapo mteja atahoji au kukiuka haki za Mkandarasi Mdogo kwenye programu, Mkandarasi Mkuu atamjulisha kwa maandishi ndani ya siku tatu, na akiombwa atawasilisha dai hilo kwa mteja kwa jina la Mkandarasi Mkuu, kwa gharama za Mkandarasi Mdogo."

Hapo kwenye gharama ndipo mkuu anapolainika, maana haimtoki hela. Ongeza kwamba haki zinahamia kwake ukishalipwa yote na sio ukishakabidhi, na weka orodha ya vitu ulivyokuja navyo, zile maktaba zako za zamani (vipande vya kodi vilivyo tayari) unazozitumia kila mradi, andika wanapewa leseni ya kutumia tu. Halafu omba kuona kifungu cha haki miliki kwenye mkataba wake na serikali. Akikuficha bei zake sawa, lakini hicho kifungu lazima ukione, kwa sababu kama yeye ameshaahidi serikali kila kitu halafu wewe unajidai umebakiza, mnagombania ng'ombe aliyeshauzwa.

Kama ulishasaini na moto unawaka, kusanya ushahidi leo leo. Historia ya komiti kwenye Git (kumbukumbu ya nani alibadilisha nini kwenye kodi na lini), imeili za kukabidhi, ankara, meseji za WhatsApp na simu yenyewe usiiuze, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa namna hiyo. Kisha mwandikie mkandarasi mkuu barua, sio voisi noti, mwambie haki gani imeguswa, moduli ipi, unataka nini, na umpe tarehe ya kujibu. Akikaa kimya au akigoma kulibeba dai, mdaiwa wako sasa ni yeye, na madai ya mkataba kwa kawaida yana miaka sita. Ila angalia kama mkataba wenu una kifungu cha usuluhishi, ukikiruka ukaenda mahakamani moja kwa moja mwenzako ataomba kesi isimamishwe na utakuwa umechoma hela ya wakili bure.

Njia nyingine ni hakimiliki. Hii haitokani na mkataba wa serikali, inatokana na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na programu za kompyuta zimo. Ulinzi hausubiri usajili, ila cheti cha COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kinasaidia ukiulizwa nani mwandishi (BRELA, wakala wa usajili wa biashara, sio penyewe, kule ni alama za biashara na hataza za uvumbuzi). Ubaya ni kwamba kama uliandika popote kwamba umehamisha haki zote, hapa hupiti.

Ukiamua kuishtaki serikali yenyewe, ikiwemo halmashauri, lazima utoe notisi ya siku 90 kwanza, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, naye anaunganishwa kwenye kesi, na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu. Arusha ipo na Moshi ipo, hapo tafuta wakili usijifanye mjuaji. Hiyo notisi ipeleke kwa mkono, nenda na nakala mbili, masijala wagonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe kwenye nakala yako, na kama mhusika ameenda chai msubiri arudi, usiiache mezani ukaondoka.