Mkwaju wa gofu wa mita moja chini ya presha: mazoezi kwa anayeanza na kwa mzoefu

Mpira uko mita moja kutoka shimoni, grini (eneo la nyasi fupi kuzunguka shimo) imenyooka, na mkwaju huu ndio unaoamua mechi. Anayeanza gofu anaweza kuukosa, na mzoefu pia, lakini hawakosi kwa sababu moja. Ndiyo maana siwapi mazoezi yaleyale.

Hatua ya 1: Jipime. Panga mipira 10 kuzunguka shimo, mita moja na nusu kila mmoja. Piga ukiwa peke yako, hesabu iliyoingia. Kisha rudia mbele ya wenzako, anayeshindwa awabebee mifuko. Angalia mipira inakosaje. Ikipita mbali au kufia njiani, umesahau kupima nguvu kwa kuwaza watu. Hilo ni la wanaoanza. Ikichepuka kidogo pembeni, huenda umeanza kuusimamia mkono uliozoea kujiendesha wenyewe.

Hatua ya 2: Kama unaanza, usiharakishe. Chagua jambo moja tu la kufikiria. Mimi hupendekeza nguvu ya mkwaju. Tuliza macho nyuma ya mpira kwa sekunde mbili hivi kabla ya kupiga, na yabaki palepale hata mpira ukishaondoka. Kichwa kinachoinuka mapema kuchungulia shimo ndicho kinachoharibu.

Hatua ya 3: Kama ni mzoefu, usikawie. Mwaka 2004 mwanasaikolojia Sian Beilock na wenzake waliwataka wachezaji wa gofu wapige haraka: wanaoanza walifanya vibaya zaidi, mahodari wakafanya vizuri zaidi. Mkono uliozoea ukipewa muda mrefu, akili huanza kuukagua kiungo kwa kiungo. Basi amua mteremko na nguvu ukiwa bado nyuma ya mpira. Ukishasimama, tazama shimo mara moja, rudisha macho, piga.

Kitu kikikukatiza, ondoka kabisa uanze upya. Mwaka 1970, St Andrews, Uskoti, mchezaji gofu Doug Sanders alihitaji mkwaju wa chini ya mita moja kutwaa The Open, moja ya mashindano makubwa ya gofu. Alishasimama tayari, akaona kitu juu ya nyasi, akainama kukiondoa bila kusogeza miguu. Akapiga, akakosa, akabaki sare na Jack Nicklaus. Kesho yake Nicklaus akamshinda kwenye mchezo wa marudiano.

Hatua ya 4: Leta presha mazoezini. Ingiza mitano mfululizo kutoka mita moja. Ukikosa, unarudi sifuri. Minne ya mwanzo haina neno. Kwenye wa tano utaona vidole vinakaza fimbo na shimo, lenye upana wa milimita 108, linaonekana dogo. Hapo anayeanza arudi kwenye hatua ya 2, mzoefu kwenye ya 3. Mzoefu akishaizoea mita moja, asogee hadi mbili. Anayeanza abaki kwanza kwenye moja, hata kama wenzake wanamcheka.