Jinsi ya Kuendesha Kikao cha Kijiji Kuhusu Saratani ya Ngozi

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya ngozi hapa Tanzania. Wagonjwa wanaoniumiza moyo ni wale wanaofika na kidonda kilichokwisha kula nusu ya sikio, kumbe mwaka mzima walikuwa wakikipaka dawa ya dukani. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kidonda kama kile huweza kuwa saratani. Nakuandikia wewe mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwalimu au mwenyekiti wa kijiji.

Hatua ya 1: Tafuta kivuli na saa

Itisha kikao kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni, chini ya mti mkubwa au ndani ya darasa. Mwaka wangu wa kwanza niliitisha watu saa sita mchana uwanjani. Mama mmoja alikuja na mwanawe mwenye ualbino, wakakaa juani saa nzima wakinisikiliza nikieleza madhara ya jua. Sikulisahau.

Zungumza mapema, kwa faragha, na familia zenye watu wenye ualbino. Baadhi wamewahi kuwaficha watoto kwa kuhofia maisha yao, kwa hiyo nenda na mtu wanayemwamini. Usimsimamishe mtu mwenye ualbino mbele ya watu awe mfano, wala usisome majina hadharani.

Hatua ya 2: Eleza nani yuko hatarini

Wenye ualbino wana melanini kidogo mno, ile rangi inayokinga ngozi dhidi ya mionzi ya jua. Ndiyo maana ngozi ya mtoto mwenye ualbino huanza kuharibika angali mdogo.

Lakini wenye ngozi nyeusi nao wasijitoe. Kwetu saratani hujitokeza pasipotazamwa: unyayoni, chini ya kucha, au kwenye kovu la zamani la moto linalofumuka na kugoma kupona. Vijana huelewa haraka nikiwatajia Bob Marley. Mwaka 1977 alikutwa na melanoma, aina ya saratani ya ngozi, chini ya ukucha wa kidole cha mguu, akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36. Ya unyayoni hailetwi na jua, hivyo losheni ya kukinga jua haiizuii. Dawa yake ni kuigundua mapema: kila mtu atazame nyayo zake anaponawa miguu.

Hatua ya 3: Wafundishe kukagua

Hapa tumia muda mrefu kuliko kwingine kote. Picha za kutisha ziache nyumbani, maana watu hugeuza nyuso na somo likaishia hapo. Chukua kipande cha msasa, kipitishe mkono kwa mkono, kila mmoja akiguse. Waambie: ngozi ya mwenye ualbino ikikwaruza hivi, hata kama huoni kitu, jua limeshaanza kuiharibu. Katika hatua hiyo kliniki huweza kuitibu kwa kuigandisha kwa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kali, au kwa krimu.

Kisha wapange wawiliwawili, mzazi na mtoto au mtu na mwenzake, wapapase kuanzia utosini: masikio mbele na nyuma, pua, mdomo wa chini, shingo, mikono. Wanatafuta mambo manne: kidonda kisichopona ndani ya wiki nne, kinachotoa damu kikiguswa tu, uvimbe unaokua, na doa jeusi linalobadilika umbo au rangi.

Hatua ya 4: Kofia kwanza, losheni baadaye

Wengi huuliza losheni tu. Anza na kofia pama. Kapelo haifuniki masikio wala shingo. Nguo iwe ya mikono mirefu, iliyofumwa kwa kubana. Iinue kwenye mwanga: ukiona mkono wako upande wa pili, jua nalo linapita.

Losheni ya kukinga jua iwe SPF (kipimo cha nguvu ya kukinga jua) 30 au zaidi. Kilisun, kwa mfano, ilibuniwa kule hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kwa uso na shingo, mistari miwili iliyojaa, mmoja juu ya kila kidole kati ya vidole viwili, urefu wote wa kidole. Ipakwe nusu saa kabla ya kutoka, irudiwe kila baada ya saa mbili. Sisitiza kwamba si kibali cha kushinda shambani mchana.

Mwalimu, mpe mtoto mwenye ualbino dawati la mbali na dirisha lenye jua, na umruhusu kofia paredi ya asubuhi.

Hatua ya 5: Wape pa kwenda

Kabla ya kikao, uliza zahanati siku ya kliniki ya ngozi katika hospitali ya wilaya au mkoa, na nauli yake. Vitaje vyote viwili. Eleza pia kwamba kukatwa kipande kidogo cha ngozi cha kupima hakusambazi saratani, maana hofu hiyo huwafungia wengi nyumbani. Kidonda kidogo huondolewa kwa ganzi na mtu akarudi kwake siku hiyohiyo. Kikishakuwa kikubwa, safari ni ya hospitali kubwa, kama Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza, kwa tiba ya mionzi ya wiki kadhaa.

Baada ya wiki mbili, pita kwa kila uliyempa rufaa. Kama hakwenda, muulize kwa upole kilichomzuia. Mara nyingi ni nauli, na hilo mwenyekiti anaweza kulibeba. Aliyekwenda, mwandikie kwenye daftari lake tarehe ya kukaguliwa tena, miezi sita mbele.