Somo lako la kwanza la kuteleza mawimbini Muizenberg: lipia mwalimu wa peke yako

Kama unakwenda Cape Town likizo na roho yako imekuwa ikitamani kusimama juu ya ubao huku wimbi linakusukuma ufukweni, pesa yako iweke kwa mwalimu mmoja atakayekufundisha wewe tu. Ubao wa kukodi hauna la kukwambia. Darasa la kundi ni nafuu, lakini mwalimu ana watu sita au wanane wa kuwaangalia, na wakati anamshikia mwenzako ubao, wimbi lililokufaa limeshapita. Kwenye somo la peke yako unanunua macho ya mtu. Anaiangalia bahari iliyo nyuma yako wakati wewe umeelekea ufuo, anakuchagulia wimbi, na anaona mguu wako wa nyuma umekanyaga wapi. Kwa mtu mwenye siku chache za likizo, na hasa kama umeshavuka arobaini kama mimi, hiyo ndiyo tofauti ya kusimama na kutosimama.

Mimi ni mtu wa Mombasa, maji ya chumvi nimeyajua kabla ya kalamu. Hata hivyo bahari yetu haikufundishi mchezo huu. Sehemu kubwa ya pwani yetu ina mwamba wa matumbawe, na mawimbi makubwa huvunjikia huko nje. Yanayotufikia sisi ufukweni yameshachoka. Muizenberg ni kinyume. Hakuna mwamba mbele yake. Ufuo uko kwenye ghuba ya False Bay, kiasi cha kilomita 25 kusini mwa katikati ya jiji, na sakafu yake ni mchanga unaoteremka polepole mno. Wimbi likiingia linaanza kukunjika mbali, halafu linatembea taratibu na povu lake hadi karibu na nchi kavu. Haliangushi kwa ghafla, linasukuma. Ndiyo maana shule za mchezo huu zimejipanga pale kwenye kona inayoitwa Surfer's Corner, hatua chache kutoka stesheni ya reli ya kwenda Simon's Town, karibu na vile vibanda vya mbao vya rangi rangi ambavyo kila mgeni huvipiga picha.

Jambo moja nataka ulijue kabla hujakanyaga mchanga ule. Chini ya sheria ya ubaguzi ya mwaka 1953, fukwe za Afrika Kusini ziligawanywa kwa rangi ya mtu, na Muizenberg ilikuwa ya wazungu. Zilifunguliwa kwa watu wote Novemba 1989, na sheria yenyewe ikafutwa mwaka 1990. Mimi nilikuwa nimeshazaliwa. Kwa hiyo nikiona pale watoto weusi wamekaa juu ya mbao zao wakisubiri wimbi, wametulia kama walio kwao, moyo wangu unajaa. Nawe ukiingia majini pale, ingia kwa kujiamini.

Sasa tupange safari. Likizo ya shule ya Novemba na Desemba inaangukia kiangazi chao, kwa hiyo inatufaa. Jitahidi kuwahi kabla ya katikati ya Desemba, kwa sababu baada ya hapo Waafrika Kusini wenyewe wako likizo na ufuo unajaa. Somo liwekwe siku za mwanzo za likizo yako, usiliache mwisho. Upepo ukiharibu bahari, mwalimu atakusogeza hadi kesho au keshokutwa, na wewe uwe na kesho hiyo.

Unapoandikiana na shule, uliza mambo haya waziwazi. Nitakuwa peke yangu na mwalimu, au "somo binafsi" lenu ni watu wawili watatu? Somo ni la muda gani, na je, muda wa kuvaa umehesabiwa humo? Ubao na suti ya mpira vimo ndani ya bei? Mwalimu ana cheti cha uokoaji majini na huduma ya kwanza? Cheti cha ukocha cha shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ISA, nacho ni cha kuulizia. Shule nzuri hujibu bila kununa. Ikijibu nusu nusu, tafuta nyingine, ziko kadhaa pale pale na unaweza kuzitembelea kwa miguu. Mwisho waambie ukweli wa mwili wako: umri, magoti, mgongo, pumu, kama una miwani, kama unaogelea.

Na kuogelea ndiko penye sharti langu. Somo la kwanza hufanyika kwenye maji ya kiunoni, na wapo watakaokwambia si lazima kujua kuogelea. Mimi nasema jifunze kwanza. Uweze kuelea chali bila hofu na kuogelea kama mita 50 bila kusimama. Wengi wetu wanawake wa pwani tumekulia kando ya maji bila kufundishwa kuogelea, na mtu mwenye hofu ya maji hawezi kusikia anachoambiwa na mwalimu; nguvu zake zote zinakwenda kwenye hofu. Miezi miwili mitatu kabla ya safari tafuta bwawa na mtu wa kukufundisha.

Saa ya somo ichague pamoja na mwalimu, kwa sababu hapo ujuzi wetu wa pwani unasaidia nusu na nusu unapotosha. Maji kujaa na kupwa tunayajua, lakini Mombasa wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, ilhali Cape Town hayafiki mita 2. Huko hutaona bahari ikikimbia ukaweza kutembea hadi mwambani. Mwalimu wangu alipenda maji ya katikati, yanapoanza kujaa, kwa sababu yakijaa sana ufuo unabaki mwembamba karibu na mawe. Upepo ndio mkuu zaidi. Kiangazi kuna upepo mkali wa kusini mashariki unaovuma kutoka baharini, na kwa kawaida huzidi mchana na kuyavurugavuruga mawimbi. Basi omba asubuhi, saa mbili au saa tatu. Kwa anayeswali pia ni wakati mzuri: adhuhuri ya huko kiangazi huingia karibu saa saba kasorobo, unakuwa umeshaoga na kutulia. Mawimbi yawe ya nusu mita hadi mita moja, yasizidi kiuno. Mwalimu akisema leo yamepita hapo, mshukuru na uende ukapande mlima.

Baridi ya maji haina masihara. Sisi tumezoea nyuzi 25 hadi 30. False Bay wakati wa kiangazi, siku nzuri, ni kama 20, na majira yao ya baridi, Juni hadi Agosti, hushuka hadi 14 au 15. Suti ya mpira inaondoa tatizo ikikukaa sawa. Mpira wake una vipovu vya hewa ndani, na maji machache yanayoingia hubaki kati yake na ngozi yakapashwa joto na mwili wako. Ikiwa pana, maji hayo yanabadilika kila wimbi likija na baridi inakula mifupa. Kwa hiyo iwe inabana kote, mgongoni isiwe na mfuko wa hewa, na shingoni uweze kumeza mate bila shida. Zipu huwa mgongoni. Usione haya kurudisha ya kwanza ukaomba saizi nyingine.

Kina dada wanaojisitiri, sikilizeni, kwa sababu hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote. Suti inafunika kuanzia shingoni hadi vifundoni, lakini inachora mwili. Mimi huvaa chini yake suruali nyembamba ya kuogelea, na juu yake fulana pana ya kuogelea yenye mikono mirefu pamoja na kaptula pana inayofika magotini. Vitambaa vyote viwe vya kukauka upesi. Pamba inanyonya maji na kukuvuta chini. Kichwani vaa kofia ya kuogelea inayofunika shingo, isiyo na pini hata moja wala ncha ya kuning'inia. Hiyo hiyo inatunza nywele za kusuka, ambazo zikilowa chumvi na mchanga zinasumbua siku nyingi. Shule niliyokwenda haikushangaa hata kidogo. Cape Town ina Waislamu wengi wa tangu karne nyingi, na kijana aliyenifundisha aliniita "anti" kwa adabu mwanzo hadi mwisho. Ukitaka mwalimu wa kike, omba mapema. Uso upake mafuta ya kuzuia jua, hata ukiwa na ngozi nyeusi kama yangu, na vito vyote viache chumbani.

Papa wapo, ni bahari yao. Tangu mwaka 2004 kuna walinzi, Shark Spotters, wanaokaa mlimani juu ya ufuo na darubini na redio. Chini wanapandisha bendera, zijue kabla hujaingia. Kijani: maji yanaonekana vizuri na hakuna papa aliyeonekana. Nyeusi: maji hayaonekani vizuri, hivyo walinzi hawana uhakika. Nyekundu: tahadhari kubwa. Nyeupe yenye mchoro wa papa mweusi, pamoja na king'ora: papa ameonekana, toka majini mara moja bila kukimbizana. Angalia bendera wewe mwenyewe, hata kama mwalimu ameshaangalia.

Kwenye mchanga mwalimu atakulaza juu ya ubao. Kwa anayeanza uwe wa sponji, futi 8 au 9. Mtu mzito asikubali mdogo kwa sababu tu ni mwepesi kubeba. Kwanza mtajua mguu wako wa mbele. Atakusukuma kidogo mgongoni bila kukuaga, na mguu unaotangulia kukuzuia usianguke ndio wa mbele. Kamba hufungwa mguu wa nyuma. Halafu mtafanya mwendo wa kuinuka mpaka uchoke: viganja chini ya mbavu, vimelala bapa kama unavyokandamiza unga wa maandazi, wala visishike kingo za ubao. Sukuma kifua juu, mguu wa nyuma utue, wa mbele upite kati ya mikono, magoti yakunjwe, macho yatazame vibanda. Ukitazama miguu yako unaanguka. Kichwa kinakwenda na mwili unakifuata. Mwendo huu anza kuufanya nyumbani, juu ya mkeka, kila jioni wiki kadhaa kabla ya safari. Mabega na mikono ndivyo huchoka mapema, na hapo mwenye mazoezi anapata mawimbi mengi zaidi ndani ya somo lile lile.

Majini mtatembea hadi kiunoni. Ubao uwe ubavuni mwako, pua yake ielekee baharini. Kamwe usiuweke kati yako na wimbi, maana povu likiusukuma unakupiga kifuani au menoni. Kisha unaugeuza, unalala, vidole vya miguu viguse karibu na mkia. Ukilala mbele mno, pua inazama na unarushwa. Ukilala nyuma mno, wimbi linakupita. Kipimo ni pua kuinuka kidogo tu juu ya maji.

Mawimbi machache ya mwanzo usisimame. Lala, acha povu likusukume, usikie kasi yake, jifunze kugeuka kwa kuegemea. Walimu wengine wana haraka kukusimamisha ili upige picha. Mwambie wako akuache kwanza. Baada ya hapo, akisema piga makasia, piga kwa mikono mirefu, usiache hadi usikie mkia unanyanyuka na ubao unakwenda wenyewe. Piga mara mbili zaidi, ndipo uinuke. Kila wimbi likiisha muulize jambo moja tu la kurekebisha. Akikupa matano, mwombe la kwanza. Hapo ndipo faida ya kuwa peke yenu inapoonekana: anarekebisha, wimbi lingine linakuja papo hapo, unajaribu wakati maneno bado moto.

Kuanguka nako kuna namna. Anguka ubavu au mgongo, bapa, mbali na ubao. Usitangulize kichwa wala usiruke kwa miguu iliyonyooka, maji ni mafupi. Unapoibuka, mikono ifunike kichwa mpaka ujue ubao uko wapi. Ukiona unavutwa kwenda nje na mkondo, shikilia ubao wako, usipigane na mkondo, sogea sambamba na ufuo mpaka nguvu iishe, na nyoosha mkono juu mwalimu akuone. Na kama kuna mtu ameshasimama kwenye wimbi, ni lake, mwachie.

Pumzika unapotetemeka au mikono inapokataa. Ni bora somo liishe mapema kidogo kuliko kuumia. Kabla hamjaagana, mwombe akuambie mambo mawili ya kufanyia mazoezi, uyaandike. Kama bajeti inaruhusu, lipia somo la pili siku moja au mbili baadaye badala ya kukodi ubao peke yako, kwa sababu mwili umeshaelewa lakini bado hujui kuchagua wimbi. Ukirudi nyumbani na hamu bado ipo, Malindi wakati wa kusi, Julai na Agosti, ghuba yake haina mwamba wa kuzuia na mawimbi yanafika ufukweni. Nenda na mtu anayeijua bahari ya pale, na ubao wa sponji.