Mkono mmoja juu, mmoja chini: kufunga teppo hatua kwa hatua

Wengi wanaojifunza kinbaku, ufungaji wa kamba wa Kijapani, huanzia kwenye takate kote: mikono yote miwili nyuma ya mgongo, imekunjwa kama pande za sanduku, kulia sawa na kushoto. Nami nilianzia hapo nikakaa hapo miaka miwili. Kilichonitoa ni bega la mwenzangu. Aliwahi kuanguka na baiskeli, na bega lake la kulia halijarudi kuwa lile la zamani. Ukilipeleka nyuma dakika tano tu, anakunja uso. La kushoto halina neno. Miaka yote hiyo nilikuwa namfunga kana kwamba mabega yake ni mapacha.

Ndipo nikahamia teppo. Maana yake ni bunduki. Mkono mmoja hupita juu ya bega, mwingine huja mgongoni kutoka chini, na ukiitazama kwa nyuma mikono hiyo imekaa mshazari kama bunduki aliyojitwika askari. Jina lina harufu ya vita, na si ajabu: kamba hizi zina ukoo na hojojutsu, ufundi wa kukamata na kufunga watuhumiwa uliotumika enzi za Edo (1603–1868). Karne ya 20 ndipo watu kama mchoraji Ito Seiu (1882–1961) walipouvuta upande wa sanaa na mapenzi. Siku hizi wengi huuona kwenye picha za watu wanaoning'inia hewani. Mimi nafanya kazi sakafuni, kwa mtindo unaokaribia ule wa Yukimura Haruki, aliyefariki 2016: kamba chache, mwendo wa taratibu, mtu ameketi. Ninachoeleza hapa ni teppo iliyolegezwa, ya watu wazima wawili waliokubaliana, na si ya kumwinua mtu. Usimwinue mtu kwa mfungo huu.

Hatua ya 1: Vifaa

Kamba tatu za juti za milimita 6, kila moja mita 7 hadi 8. Makasi ya huduma ya kwanza, yale yenye ncha butu yanayokata nguo bila kuchoma ngozi. Yawe pale mkono wako unapofika bila kuinuka. Godoro jembamba au mkeka mnene.

Kuna wanaosikia "kamba ya asili" wakakimbilia katani, kwa kuwa Tanga imejaa mkonge. Nimejaribu. Inakwaruza kama msasa na kuacha vibanzi kwenye ngozi. Katani ifunge magunia.

Hatua ya 2: Maswali kabla ya kamba

Bega limewahi kuteguka? Kuna ganzi inayokuja usiku kwenye vidole? Kisukari, dawa za kuzuia damu kuganda, ujauzito? Amekunywa? (Akiwa amekunywa, hakuna kamba siku hiyo. Nawe vilevile.) Kubalianeni neno la kusimamisha. Sisi tunatumia "nanga", kwa sababu hakuna anayetamka "nanga" kwa bahati mbaya.

Hatua ya 3: Mikono bila kamba

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi wanaporuka.

Mwambie aketi, mgongo wima, ajikune mgongo: mkono wa kulia upite juu ya bega ushuke, wa kushoto upande kutoka kiunoni. Madaktari wa viungo hutumia kipimo hichohicho kupima bega. Kisha abadilishe. Tazama umbali kati ya vidole vya mkono mmoja na mwingine. Kwa mwenzangu, kushoto kukiwa juu vidole vinakaribia kugusana; kulia kukiwa juu, kuna pengo la shubiri nzima. Jibu limeshapatikana: kushoto juu, na bega bovu lipumzike chini, mkono ukiwa kiunoni tu.

Sasa mwache akae hivyo dakika mbili bila kamba, nawe umtazame. Mkono wa juu, kiwiko kinaelekea wapi? Kikitaka kwenda mbele ya uso, mwache. Kukisukuma nyuma ya kichwa kwa sababu picha fulani ilikuwa hivyo ni kulazimisha bega. Ubavu wa upande huo unafunguka, na utaona pumzi yake ikipita pale, mbavu zikipanda na kushuka, huku upande wa pili umefumba. Mimi kilichonifanya niipende mikono isiyolingana ni hicho. Kwenye takate kote mwili unanyamaza. Hapa nusu inasema na nusu inaficha.

Bega likikataa kabisa kupanda, acha teppo. Mkono mmoja uvuke kifua hadi bega la pili, mwingine ukae nyuma kiunoni. Nao ni mfungo mzuri, na kwa mtu mwenye kifua kipana mimi huuona mzuri zaidi.

Hatua ya 4: Kipimo cha vidole

Kabla ya kufunga chochote, jua vidole vyake vikoje vikiwa vizima. Kuna neva tatu za kuulizia. Ya kwanza hupita nyuma ya mfupa ulio kati ya bega na kiwiko: mwambie ainue kiganja na kidole gumba kwenda nyuma, nawe umzuie kidogo. Ya pili hupita kiwikoni, pale tunapogonga tukasikia umeme: atanue vidole, nawe uvibane. Ya tatu hupita katikati ya kifundo cha mkono upande wa ndani: aunganishe gumba na kidole cha shahada kuwa duara, nawe ujaribu kulivunja. Halafu gusa ngozi: mgongo wa mkono karibu na gumba, kidole cha mwisho, ncha ya kidole cha shahada. Pande zote mbili. Zisipolingana tangu mwanzo, kumbuka hivyo.

Hatua ya 5: Kamba ya kifua

Kunja kamba katikati. Pale inapokunjwa ndipo kichwa cha kamba. Kichwa kikae kwenye uti wa mgongo, mkia uzunguke mbavu chini ya matiti, upite ndani ya kichwa, urudi kinyume, uzunguke tena, kisha ufunge nyuma. Mwambie avute pumzi hadi mwisho. Akikwama katikati, legeza.

Kamba isipande kwapani, na kwa anayeanza isipite juu ya mikono kati ya bega na kiwiko. Kwenye takate kote kamba hupita hapohapo, na ndipo ile neva ya kwanza inapobanwa. Mfungo huu hauihitaji, kwa hiyo usijitafutie kesi.

Hatua ya 6: Mkono wa chini

Kamba ya pili, nayo imekunjwa katikati. Zungusha mara mbili juu ya kifundo cha mkono, vidole viwili kutoka kwenye kunjo la kiganja kuelekea kiwiko. Nyuzi nne zilale bapa bila kupandana. Acha nafasi ya kidole chako kimoja. Kichwa kivuke juu ya mizunguko, kipite chini ya yote miwili, kitokeze, kisha ukifunge na mkia kwa fundo. Fundo likae upande wa nje wa mkono. Vuta mkia kwa nguvu: kitanzi kikiminya mkono, umekosea, fungua uanze upya.

Mkia upande hadi kwenye kamba ya kifua, ufungwe hapo. Mkono ubaki pale ulipokuwa katika hatua ya 3. Usiuvute juu hata sentimita moja.

Hatua ya 7: Mkono wa juu

Nywele kwanza. Mwenye nywele za kusuka azifunge utosini, la sivyo zitaingia kwenye fundo na utaambiwa maneno.

Funga kifundo cha mkono kama ulivyofanya kwa ule wa kwanza. Mkono upande, ukunjwe, kiganja kitulie chini ya kisogo. Mkia ushuke mgongoni moja kwa moja hadi kwenye kamba ya kifua. Hakuna kamba inayopita mbele ya shingo wala ubavuni mwa shingo, hata kwa mapambo. Fundo la hapa liwe kama la kamba za viatu: ukivuta ncha, linaachia.

Macho yako yatatamani mikono igusane, kwa kuwa picha hupendeza ikigusana. Pengo liache lilivyo.

Hatua ya 8: Ukishafunga

Saa yangu huanza kuhesabu mkono wa juu unapopanda. Kiwango changu ni dakika 10, na mara nyingi hatufiki. Kila dakika mbili narudia kipimo cha vidole kwa ufupi, kimyakimya: naweka kidole changu kiganjani mwake, naye anakibana, kisha anainua kiganja na gumba. Mkono ukipoa na kubadilika rangi taratibu, ni damu. Ganzi ya ghafla, umeme, au kidole kinachogoma kuinuka, hiyo ni neva, na hapo usisubiri.

Miezi michache baada ya kuanza teppo, kamba ilikuwa safi, hakuna kilichobana. Dakika ya sita mwenzangu akasema, "Mpenzi, kidole cha mwisho kimelala." Nikaanza kukagua kifundo cha mkono kama mjinga. "Si huko," akasema. "Kiwiko." Hakukuwa na kamba kiwikoni. Lakini kiwiko kilichokunjwa sana huivuta ile neva ya pili chenyewe, na mimi ndiye niliyekikunja hivyo ili mkono ushuke zaidi mgongoni. Nilivuta ncha, mkono ukashuka, na baada ya dakika chache kidole kikaamka. Tangu siku hiyo kiwiko cha juu nakiacha wazi zaidi, na swali langu la kwanza huwa kuhusu kidole cha mwisho.

Mtazame na kichwa. Kikiinamia upande wa pili, mbali na mkono uliopanda, neva zinazotoka shingoni kwenda kwapani huvutika zaidi. Mimi huketi nyuma yake, kichwa chake kikiegemea upande wa mkono wa juu, kwenye bega langu. Hapo pia siwezi kumwacha peke yake, na yeye hawezi kuanguka: mtu asiye na mikono hana cha kujizuia nacho.

Hatua ya 9: Kufungua

Mkono wa juu kwanza, daima. Shika kiwiko kwa kiganja chako kabla ya kuvuta ncha, kisha ushushe kwa mbele, polepole, kama unashusha mtoto aliyelala. Ukiuachia udondoke, atakukumbuka kwa wiki. Halafu mkono wa chini, kifua mwisho. Sugua mabega, maji, shuka.

Kesho yake asubuhi uliza tena vidole. Kiganja kikining'inia bila kuinuka, au ganzi ikibaki, nendeni hospitali na mseme ukweli wa kilichotokea. Neva iliyokatika ndani hukua takriban milimita 1 kwa siku, na kutoka begani hadi kidoleni ni mbali.

Nina daftari dogo linalokaa kwenye mfuko wa kamba. Ukurasa wake wa mwisho una mistari miwili: "Kushoto juu: dakika 8, vizuri, kiwiko wazi. Kulia juu: hapana."