Supagluu na macho: kuunda vijahazi vya mapambo bila ajali

Adui wa jicho ni mdomo wa chupa ulioziba. Supagluu haikauki kama rangi. Huganda ikikutana na unyevu, na hewa ya Lamu ina unyevu wa kutosha. Chupa uliyoifungua jana, leo haitoi kitu. Fundi anabana, anabana tena huku akichungulia, kigaga kinafyatuka na gundi inamrukia usoni.

Kwa hiyo usibane. Elekeza mdomo pasipo na mtu, uzibue kwa pini au ukate milimita 2 za ncha kwa wembe. Ukimaliza, gonga kitako mezani gundi irudi chini, futa, funika. Chupa iliyotoka kwenye friji iache saa nzima kabla ya kuifungua: hewa ya ndani ikipata joto hutanuka na kuisukuma gundi nje.

Vaa miwani ya fundi iliyoziba pembeni. Ya kusomea haitoshi. Ukifanyia kazi barazani, kaa upepo ukupite ubavuni, wala usiinamie mlingoti unapoubandika, maana mvuke wa gundi huwasha macho. Usifutie pamba wala kitambaa cha pamba: vikilowa gundi hupata moto hadi kuunguza ngozi. Na dawa ya macho isikae meza moja na gundi. Chupa za viwili hivyo hufanana, na umeme ukikatika mkono hauchagui.

Weka karibu dumu la lita 20 lenye bomba, maji safi.

Gundi ikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka polepole dakika 15. Kope zikishikana, usizivute, usitie asetoni (ile ya kuondolea rangi ya kucha), usisugue; kipande kilichoganda hukwaruza konea, ngozi angavu ya mbele ya jicho. Funika kwa kitambaa safi kilicholowa maji ya uvuguvugu, kisha hospitali. Aliye Matondoni au Shela, vijiji vya nje ya mji wa Lamu, aoshe kwanza, ndipo atafute boti. Mara nyingi kope hujiachia zenyewe baada ya siku 1 hadi 4.

Epoksi, gundi ya mirija miwili inayochanganywa, ni habari nyingine. Hadena yake, yaani mrija wa kigandishi, haigandi jichoni, huendelea kuunguza, hivyo usingoje uchungu uzidi: osha papo hapo, dakika 20 au zaidi, na uende kwa daktari na mrija wenyewe mkononi ausome.