Somo: Kutoa maji kwenye oili chafu kabla ya kuichoma tanuruni

Simu za swali hili zimenizidi, kwa hiyo naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Nayeyusha alumini chakavu Chang'ombe, Dodoma, tunatoa sufuria na mifuniko, na tanuru langu linatumia oili chafu, yaani ile iliyomwagwa kwenye injini baada ya kutumika, tangu nilipoacha mkaa.

1. Chukua oili kwenye gereji unayoifahamu. Dumu linalonuka petroli au thina liache hukohuko. Oili ya transfoma usiiguse. Baadhi ya zile za zamani zina sumu ambayo moto wetu hauimalizi.

2. Chuja kwa wavu wa dirisha, halafu kwa kitambaa cha jinzi.

3. Mimina kwenye pipa lenye koki kiganja kimoja juu ya kitako, na plagi chini kabisa. Liinamishe kidogo kuelekea kwenye plagi.

4. Iache itulie. Hapa ndipo nilipoharibu mimi, kwa hiyo soma taratibu.

Maji ni mazito kuliko oili, yatashuka yenyewe. Lakini oili ikipoa inakuwa nzito kama asali na vitone vya maji vinanasa humo. Usiku wa mwezi wa saba hapa kwetu hakuna kinachoshuka. Paka pipa rangi nyeusi, liweke juani wiki mbili, mvua isiingie. Kisha legeza plagi: yatatoka maji, halafu tope la kijivu, halafu oili. Ukiiona oili, funga.

Mwanzoni sikuwa na subira, nikawasha kuni chini ya pipa lililojaa. Juu oili ilikuwa imetulia tuli. Chini maji yalikuwa yanachemka, na maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600. Nilisikia pipa likiguna mara mbili, kisha oili yote ikapanda na kumwagikia moto. Kovu linaanzia kwenye kiwiko hadi kifundo cha mkono. Kijana wangu alinusurika kwa sababu alikuwa ameenda dukani.

Kwa hiyo ukitaka kupasha, toa kwanza maji yote ya chini. Pipa lisizidi nusu. Pasha polepole, na usipite digrii 70. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye digrii 96 hivi, usisubiri 100. Weka ndoo za mchanga karibu. Oili ikishika moto, USIMWAGIE MAJI.

5. Dondosha tone moja kwenye bati la moto, uso ukiwa mbali. Likitatarika, bado lina maji. Likitoa moshi kimya, tayari.

MASWALI

Mkuu, naweza kuweka kwenye Fuso?
Hapana. Somo ni la tanuru. Chembe za chuma zitaua pampu na nozeli.

Yangu imeanza kufura, niongeze moto maji yaishe haraka?
Zima moto sasa hivi na usogee mbali. Kisha rudi usome namba 4, niliiandika kwa ajili yako.

Mimi niko Kondoa. Imekaa mwezi mzima, bado ina rangi ya chai ya maziwa. Kwa nini?
Swali zuri sana, ndugu yangu. Hapo maji na oili vimeshikana. Mara nyingi ni injini iliyoungua gasketi ya silinda hedi, kulenti (maji ya rejeta) ikaingia. Tena oili yenyewe ina dawa ya kusafisha injini, nayo inazuia vitone visiungane. Ipashe digrii 70 kwa saa kadhaa, iache siku nne au tano, kisha jaribu tone. Ikigoma, usiilazimishe. Siku nyingine nenda gereji na chupa inayoonyesha ndani, chota, iangalie juani kabla hujalipa.

Nina jiko la kukaangia karanga, itafaa?
Dada, hapana. Moshi wake unaweza kuwa na madini ya risasi na zinki. Usiusogeze kwenye chakula.

Tope unatupa wapi?
Situpi. Ukimwaga korongoni, mvua za Desemba zitalipeleka visimani. Nalifunga kwenye madumu mpaka aje mkusanyaji mwenye kibali cha mamlaka ya mazingira. Hata yale maji ya plagi yana oili, yaweke pembeni.

Na mikono, fundi? Sabuni haitoi.
Mafuta ya alizeti kidogo na kijiko cha sukari. Sugua mikono ikiwa mikavu, ndipo unawe kwa sabuni. Acha petroli, inapasua ngozi.