Kufufua Technics SL-1200MK2 iliyokufa upande mmoja

Mzee jirani yangu aliniletea Technics SL-1200MK2, mashine ya kuchezea santuri, ile iliyoanza kutoka mwaka 1979. Spika ya kushoto kimya, kasi inayumba. Alishaambiwa anunue katriji mpya, kile kifaa kinachoshika sindano. Usinunue chochote kabla hujapima.

1. Soma kibandiko cha nyuma. Mashine za mtumba zilizouzwa kwa soko la Japani hutumia volti 100. Ukizichomeka kwenye 230 zetu unaunguza transfoma. Tafuta ya kushushia umeme.

2. Chomoa plagi, funga mkono wa sindano, vua sahani inayozungusha santuri, pindua mashine, fungua kitako. Baadaye ukijaribu mota bila sahani haitazunguka, maana sumaku yake imefungwa chini ya sahani yenyewe.

3. Fuatilia sauti. Ondoa kabisa kichwa chenye katriji kwanza, kwa sababu umeme wa mita ya kupimia (ile inayolia waya ukiwa mzima) unaweza kuharibu koili zake nyembamba. Nyaya za mkono ni nne: nyeupe na bluu za kushoto, nyekundu na kijani za kulia. Zote huishia kwenye bodi ndogo ya saketi chini ya mkono, na hapo ndipo waya wa kwenda amplifaya umelehemiwa. Pima kutoka pini ya mkono hadi kwenye bodi hiyo, kisha kutoka bodi hadi ncha ya plagi ya amplifaya.

Hapa nilipoteza jioni nzima. Kila nilipopima, mita ililia vizuri. Nikalehemu upya viungo vyote, wapi! Mwishowe, vijiti vya mita vikiwa vimeshikwa, nikaukunja waya wa amplifaya pale unapotoka kwenye boksi la mashine: mlio ukakatika. Shaba ilikuwa imevunjika ndani, plastiki ya nje nzima kabisa. Kwa hiyo pima huku unatikisa, sentimita kwa sentimita. Ukikuta hivyo, badilisha waya wote. Kuunga katikati ni kualika mvumo. Lehemu haraka, sekunde mbili tu, maana nyaya za mkono ni nyembamba kama unywele na ganda lake huyeyuka. Ule waya wa ethi usiusahau. Mimi hutumia pasi ya kulehemu yenye kurekebisha joto. Zile za kuchomeka tu hubandua shaba ya bodi.

4. Kasi. Puliza dawa ya kontakti isiyoacha mafuta kwenye kitelezi cha kurekebisha kasi, kisogeze mwanzo hadi mwisho mara thelathini. Kirudishe sifuri, funga kitako, rudisha sahani, washa, tazama ukingo wa sahani: nukta kubwa zinatakiwa zisimame tuli.